Wa tatu kabaki, wa nne kaenda: Tutawaambia nini watoto?

Mzazi mwenzangu, mpe mwanao wa darasa la tatu hesabu hii. Timu ina nafasi tatu. Wasichana wameshindana na matokeo yametoka: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Je, ni nani watakaokwenda? Mtoto atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Januari 2014, mjini Boston, Marekani, jibu likawa jingine. Yalikuwa mashindano ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, mchezo ambao mtu huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, akateleza, akaruka na kuzunguka hewani kwa kufuata muziki huku waamuzi wakimpa alama. Wiki chache mbele ilikuwepo Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Sochi, Urusi, na Marekani ilikuwa na nafasi tatu za wanawake.

Gracie Gold alishinda. Polina Edmunds, binti wa miaka 15 tu, akawa wa pili. Mirai Nagasu, mwenye miaka 20, akawa wa tatu. Ashley Wagner, aliyekuwa bingwa wa taifa miaka miwili mfululizo, alianguka mara mbili siku ya mwisho na kuishia nafasi ya nne.

Siku iliyofuata majina ya timu yakatangazwa: Gold, Edmunds na Wagner. Nagasu akawekwa akiba.

Unaweza kufikiria makelele yaliyofuata. Wapo waliouliza, mashindano ya taifa yana maana gani kama wa nne anampita wa tatu? Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakahoji kama asili ya Kijapani ya Nagasu ilimponza, au kama waandaaji walitaka sura ambayo tayari ilikuwa kwenye matangazo. Hayo hayakuthibitishwa, lakini yalisemwa kwa sauti kubwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Kanuni ya shirikisho lao haikusema kwamba watatu wa kwanza ndio watakaokwenda. Ilisema kamati itaangalia matokeo ya mashindano makubwa ya kipindi kizima, na mashindano ya taifa ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Katika mashindano ya dunia ya 2013, Wagner alikuwa wa tano na Gold wa sita. Ni matokeo ya hao wawili yaliyoipa Marekani nafasi tatu badala ya mbili. Desemba 2013, Wagner alipata shaba kwenye fainali ya Grand Prix, inayokutanisha walio bora wa msimu. Nagasu alikuwa wa nne katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 akiwa na miaka 16, lakini mashindano ya taifa ya 2012 na 2013 yote alimaliza wa saba.

Kwa hiyo nani alionewa? Ukisimama na Nagasu utaona dhuluma. Ukisimama na kamati utaona kanuni imefuatwa. Mimi naona yote mawili yana ukweli, na ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu sisi wenye watoto.

Nikuambie kwa nini kinanigusa. Miaka kadhaa iliyopita binti yangu alicheza mechi za mchujo wa netiboli kwa ajili ya UMITASHUMTA. Alifunga vizuri, kila mtu pale uwanjani aliona. Majina yalipobandikwa hakuwemo, na nafasi yake kachukuliwa na rafiki yake ambaye siku ile mpira ulimkataa kabisa. Alirudi nyumbani amevimba macho. Nami, kwa uchungu wa mzazi, nikamwambia: “Achana nao, wanapendeleana hao. Yule watakuwa wanajuana na baba yake.”

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilitaka tu kumfuta machozi. Kilichofuata ni kwamba binti yangu aliacha kumsalimia rafiki yake. Walikuwa wanakaa dawati moja. Muhula mzima wakawa wanapishana kama wageni, na mwaka uliofuata mwanangu akakataa hata kwenda mazoezini. “Si umesema wanapendeleana, mama? Nikahangaike kwa ajili gani?” Sikuwa na la kujibu.

Baadaye sana nilikutana na mwalimu wao, nikamuuliza. Akaniambia walikuwa wakiangalia mazoezi ya miezi miwili, si mechi za siku moja. Mwanangu mazoezini alikuwa na utoro, na utoro huo nilikuwa naujua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namtuma dukani jioni. Kosa la shule lilikuwa moja: hakuna mtoto wala mzazi aliyeambiwa kanuni hiyo mapema. Kosa langu pia lilikuwa moja: sikuuliza.

Hili ndilo ninalotaka tulishike leo. Mtoto anaweza kuvumilia kuachwa kwa kanuni aliyoijua tangu mwanzo. Ataumia, atalia, lakini atalielewa. Kinachomvunja ni kuachwa kwa kanuni anayoisikia siku anaachwa, hata kama ni kanuni nzuri. Iwe ni timu ya shule, kwaya ya kanisani, mashindano ya kuhifadhi Kurani au uchaguzi wa kiranja, nenda uulize kabla: “Mwalimu, mnachagua kwa kuangalia nini?” Ukiuliza kabla, unaonekana mzazi makini. Ukiuliza baada ya majina kutoka, hata ukiwa na haki, unaonekana mlalamishi.

Kisha kaa na mwanao umweleze kwa lugha yake. “Siku ya mechi ina alama zake, na mazoezi yana alama zake. Vyote vinahesabiwa.” Au kama ni kinyume chake: “Hapa kinachoangaliwa ni siku hiyo tu.” Kama mwalimu mwenyewe hana jibu, hiyo nayo ni habari. Utamwandaa mwanao akijua kwamba mambo yanaweza kwenda vyovyote.

Ikiwa tayari ameachwa, mwache alie. Baada ya majina kutangazwa, Nagasu alirudi kwenye barafu palepale Boston katika onyesho la kufunga mashindano, akateleza huku machozi yakimtoka, na watazamaji wakasimama kumpigia makofi. Sisi tuna haraka ya kusema “asiyekubali kushindwa si mshindani.” Methali ni ya kweli, lakini si ya dakika ileile. Na kumbuka, Nagasu wala hakushindwa uwanjani. Alikuwa wa tatu.

Usimgeuze mwenzake kuwa adui. Wagner hakujiteua. Mtoto aliyechaguliwa badala ya wako naye ni mtoto, na kesho watakutana darasani. Ukiwa na malalamiko ya kweli, yapeleke kwa mkubwa anayehusika, wewe mwenyewe, mtoto akiwa hayupo. Kama kuna ushahidi wa upendeleo, sema, tena kwa jina lake. Kama huna, usiukisie mbele ya mtoto, kwa kuwa wewe utasahau na yeye hatasahau.

Mwisho wa kisa chenyewe nao una funzo. Nagasu alihamia Colorado, akapata kocha mwingine, akaanza kujifunza mruko unaoitwa tripo akseli: unaruka ukiwa umeelekea mbele na kuzunguka hewani mara tatu na nusu kabla ya kutua. Januari 2018, mashindano ya taifa yakafanyika San Jose, yeye akawa wa pili. Safari hiyo aliyeshika nafasi ya nne alikuwa Wagner tena, na kamati ikamwacha, akawekwa akiba. Mwaka huohuo kwa wanaume, Adam Rippon aliyekuwa wa nne alichaguliwa na Ross Miner aliyekuwa wa pili akaachwa. Kanuni ni ileile iliyotazama kipindi kizima. Safari hii imembeba huyu, safari ile imembeba yule.

Huko Pyeongchang, Korea Kusini, katika shindano la timu, Nagasu akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutua tripo akseli kwenye Olimpiki, na timu yao ikapata shaba.

Ni hadithi tamu, lakini naomba usimsimulie mwanao kama ahadi. Usimwambie “subiri, zamu yako itafika.” Wengi wakiachwa, zamu yao haifiki. Miner hakupata Olimpiki yake. Nagasu mwenyewe, kwenye shindano la mtu mmoja mmoja kulekule Pyeongchang, alimaliza wa kumi. Mtoto ukimuahidi medali na isije, umemdanganya mara mbili.

Mwambie lililo kweli: “Ulicheza vizuri, nilikuona. Wameangalia na mengine. Twende tukaulize ni yapi, halafu wewe utaamua kama unataka kuendelea.” Maneno hayo ni machache, hayana lawama kwa mtu, na yanamwachia mtoto kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Mimi niliyasema kwa kuchelewa. Binti yangu hakurudi kwenye netiboli. Ila Jumamosi moja aliniomba nauli aende kwa yule rafiki yake, kumbe walishaanza kuzungumza wenyewe. Nilimpa nauli, na safari hii sikuongeza neno.