BUSTANI YETU: Mtapo hauna haraka



Juma mbili zilizopita kijana mmoja wa sekondari alinisimamisha uani pa kanisa baada ya Misa ya pili. Akaniambia: «Jambo Mwalimu. Kule kwetu Moba, juu mlimani, imo ile mimea unayoipenda, ile kama mitende mifupi. Likizo hii nataka kung'oa miwili. Mmoja nitakuletea wewe, wa pili nitauza. Utanipa bei gani?»

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia angoje, nitamwandikia jibu katika ukurasa huu, maana swali lake lilinichoma mahali ambapo yeye hakupajua. Basi, mwanangu, soma polepole mpaka mwisho.

Mmea huo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki huuita mtapo, nami nalitumia jina hilo kwa ukoo wake wote, maana ni jina zuri tena fupi. Mwenye kuupita njiani hudhani ni mtende, lakini sivyo. Mtende hutoa maua na matunda. Mtapo hautoi ua hata moja. Mbegu zake huzaliwa wazi, nyingi kati yake ndani ya koni inayofanana na gunzi kubwa la mahindi, kwa hiyo ndugu zake wa karibu ni misonobari. Tena iko mitapo ya kiume na mitapo ya kike, mbalimbali, kama vile mipapai. Ukiwa na mmoja peke yake hutapata mbegu, hata ungoje miaka mia.

Ukoo huu ni wa kale mno. Mawe yenye alama za majani yake yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Wengi husema kwamba mitapo tunayoiona leo ndiyo ile ile iliyosimama pamoja na wanyama wakubwa wa zamani. Mimi nami nilifundisha hivyo darasani, nikakosa. Wataalamu waliopima undugu wa aina hizi walionyesha mwaka 2011 kwamba nyingi za aina za leo zimetokea katika miaka milioni 12 iliyopita. Ukoo ni wa mababu, lakini watoto ni wa juzijuzi. Nawaomba radhi wale niliowasomesha.

Afrika ina kabila lake la mitapo, ambalo wataalamu huliita Encephalartos, maana yake kwa Kigiriki ni «mkate ndani ya kichwa», kwa sababu ya ule wanga ulio katikati ya shina. Zipo aina zaidi ya 60, wala hazioti penyewe katika bara lingine lo lote. Kongo yetu imepewa fungu jema. Kando ya mto Kwango, mpakani mwa Angola, iko ile iitwayo laurentianus, ambayo jani lake moja laweza kupita meta 6. Huko Kasai iko poggei, yenye jina la Pogge, msafiri Mjerumani wa karne ya 19. Katika Ituri, juu ya vilima vya mawe vinavyochomoza kati ya msitu, iko ituriensis, iliyopewa jina mwaka 1990 tu. Na karibu na Kolwezi iko schaijesii, ya mwaka 1993. Na juu ya Moba, katika milima ya Marungu, iko marunguensis, ambayo mtaalamu Devred aliieleza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hiyo ni ndogo. Shina lake limejificha ardhini, nje huonekana majani tu kati ya nyasi. Moto wa kiangazi ukipita, majani huungua, nalo shina hubaki salama chini, likingoja kuchipua tena.

Hiyo ndiyo kijana anayotaka kuing'oa. Nami niliing'oa kabla yake.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa mwalimu kijana, nimefika Moba kwa mashua kutoka Kalemie kumzika mjomba wangu. Baada ya matanga nilipanda mlimani pamoja na binamu zangu, nikauona mtapo mmoja, nikautamani. Tulichimba tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mizizi ilikuwa minene kama mkono wa mtoto, nasi tukaikata kwa jembe bila huruma. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama, akatutazama kitambo, akauliza: «Wanangu, mnaupeleka wapi? Huu niliukuta hapa nilipokuwa mtoto.» Tukacheka. Niliuzungushia gunia, nikaufikisha Lubumbashi baada ya siku kumi na moja.

Kufa kwa mtapo si kama kufa kwa mnyanya. Mnyanya hunyauka leo, kesho umejua. Mtapo una akiba tumboni mwake. Mwaka wa kwanza wangu ulitoa majani mawili mapya, nami nikajisifu mbele ya majirani. Mwaka wa pili ulitoa moja, fupi. Mwaka wa tatu haukutoa kitu, lakini shina lilikuwa gumu bado, nikazidi kuumwagilia maji. Mwaka 1994 niliusukuma kwa kidole, kidole kikaingia ndani. Ulikuwa umeoza wote, labda tangu zamani. Maneno ya yule mzee yalinirudia siku ile, na mara nyingi tangu siku ile.

Nisingeandika haya kama ningekuwa peke yangu katika kosa hilo. Huko Afrika ya Kusini, katika msitu wa Ngoye, mwaka 1895 Bwana John Medley Wood alikuta kichaka kimoja cha mtapo usiojulikana. Vilikuwa vikonyo vichache tu, vyote vya kiume. Vilichukuliwa kidogo kidogo kupelekwa bustanini, na mwaka 1916 kile cha mwisho kiliondolewa. Watu wametafuta jike lake toka siku zile hadi leo, hawajalipata. Mtapo huo, woodii, sasa waishi katika bustani nyingi za dunia, yote dume, yote vitoto vya mmoja. Mmoja ulifika bustani ya Kew, karibu na London, mwaka 1899, ukatoa koni mwaka 2004. Ni koni ya nani, ikiwa hakuna wa kuipokea?

Basi baada ya ule wa Marungu kuoza, nilikaa miaka minne bila kupanda mtapo wo wote. Mwaka 1998 mama mmoja jirani alikuwa akisafisha mtapo wake wa Kijapani, akanipa vitoto vitatu. Huu ndio ule unaouona mbele ya nyumba nyingi na makanisa, wenye majani magumu yanayochoma. Kwao ni visiwa vya kusini mwa Ujapani, jina lake Cycas revoluta. Nawashauri waanzao waanze na huo, kwa kuwa ni mvumilivu, tena unapatikana kwa jirani pasipo kuiba mlimani.

Kitoto hukatwa kwa kisu safi pale kinaposhikamana na mama. Kata majani yake yote. Usiogope, maana bila mizizi hakiwezi kuyanywesha. Paka jivu au unga wa makaa penye kidonda, kiache kivulini juma mbili kikauke. Halafu kitie katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji kidogo, nusu ndani na nusu nje. Maji mara moja kwa juma yatosha. Udongo wetu mwekundu wa hapa Lubumbashi hushika maji kama chungu, na hayo ndiyo yanayoua mitapo mingi kuliko wadudu. Wakati wa kuupandisha bustanini, inua tuta, weka matofali yaliyovunjika chini, wala usifunike kichwa cha mmea kwa udongo.

Utangoja. Mwaka mzima waweza kupita usione kitu, kisha siku moja majani yote ya mwaka hutoka kwa pamoja, laini, yamejikunja nchani, yana rangi ya kijani changa. Juma hizo usiyaguse, wala usiuhamishe mmea. Mimi huamka mapema siku hizo, nikachukua kiti na kahawa yangu nikakaa mbele yake. Mke wangu husema kwamba sijawahi kumtazama yeye hivyo. Si kweli, lakini sina ushahidi.

Kosa jingine nililolifanya: niliona vinundu kama vipande vya tangawizi vikichomoza juu ya udongo, nikadhani ni ugonjwa, nikavikata. Kumbe ni mizizi ya namna ya pekee ambamo viumbe vidogo sana hukaa na kuutengenezea mmea chakula cha nitrojeni kutoka hewani, karibu kama yafanyavyo maharagwe. Viacheni.

Sasa jambo ambalo kila mzazi alishike. Mtapo una sumu, hasa mbegu zake, nazo ni nyekundu nzuri zinazovuta macho ya mtoto. Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu na Waingereza, askari wa Jenerali Smuts walikula mbegu za mtapo kwa njaa huko milima ya Suurberg, wakaugua vibaya, na Smuts mwenyewe pamoja nao. Mbwa hufa kwa mbegu chache. Najua wengine watasema: mbona watu wa visiwa vile vya Ujapani huula? Ndiyo, huula, kama sisi tulavyo muhogo mchungu: hukata, huloweka, huchachua, huosha mara nyingi. Na katika njaa ya miaka ya 1920, Okinawa, waliokosa kuutengeneza vema walikufa. Watu wa huko huziita siku zile jehanamu ya mtapo. Sisi tuna muhogo wetu, yatosha. Mbegu zikiiva ziokoteni zote, na mtoto akitafuna moja apelekwe hospitali mara moja, pamoja na ile mbegu, ili mganga aione.

Narudi kwa vitoto vyangu vitatu. Kimoja kilioza, kimoja nilimpa dada yangu, kimoja kilikua. Kilikua miaka 19. Mwaka 2017, mwezi wa kumi, katikati ya majani nikaona kitu cha manjano kikipanda: koni, ndefu kama mkono kutoka kiwiko. Dume. Nilifurahi siku moja, siku ya pili nikamkumbuka woodii.

Nilizunguka mtaa kwa mtaa kwa baiskeli, nikichungulia nyua za watu kama mwizi. Mtapo jike wa aina hii haufanyi koni. Huota kichwani kitu kama kiota kikubwa cha manyoya ya rangi ya kahawia. Nikakiona katika ua wa mjane mmoja, ng'ambo ya reli. Nilipiga hodi, nikajieleza. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema: «Baba, nimesikia posa nyingi katika maisha yangu, lakini hii ni mpya.» Akakubali. Dume langu lilikuwa limetangulia kuiva, kwa hiyo nilikung'uta ule unga, yaani chavua, juu ya gazeti, nikaukausha, nikautia katika bahasha ndani ya friji ya jirani. Kiota cha jike kilipofunguka kidogo, tulipuliza unga humo kwa kibomba cha karatasi, asubuhi tatu mfululizo.

Mwezi wa saba tulichuma mbegu 64. Tuliziosha tumevaa mifuko ya nailoni mikononi, tukaondoa nyama ile nyekundu, tukazitia katika ndoo ya maji. Zilizoelea, 23, tulizitupa shimoni, maana mara nyingi ni tupu. Zilizozama tulizilaza juu ya mchanga, nusu zimefukiwa. Miezi saba haikuonekana hata moja. Kisha mzizi ukatoka, ukashuka, na baada yake jani moja, moja tu, kwa kila mmea. Leo ninayo 17 iliyo hai. Yule mjane anayo 12. Mkubwa kuliko wote unanifikia magoti.

Sasa, mwanangu wa Moba, hili ndilo jibu langu. Sitanunua. Kwanza, mitapo yote ya kabila la Encephalartos imo katika orodha ya kwanza ya ule mkataba wa mataifa wa CITES, yenye viumbe vinavyokingwa kuliko vyote, na Kongo imeutia sahihi. Anayekuahidi fedha nyingi kwa mtapo wa mlimani anajua hayo, ila hatakuambia. Pili, utaufikisha hapa ukiwa hai, utausifia, nawe utakuwa umekwisha kuuua. Ukipanda Marungu likizo hii, chukua daftari. Hesabu ile mitapo, andika ipi ina koni, ipi haina, moto umepita wapi. Ukifika niletee daftari hilo, nitalisoma kwa furaha kuliko kupokea gunia.

Na ikiwa unataka mtapo wa kwako, njoo nyumbani Jumamosi baada ya saa kumi. Nimekutengea mmoja, wa tano kutoka ukutani, wenye majani manne. Leta kopo lenye matundu chini, na mchanga wa mtoni, mboji ninayo.

Juma lijalo: mchwa katika miembe.