Askari wa Zamani na Haki Wakati wa Kupunguza Watumishi

Mwaka 2025 maelfu ya watumishi wa serikali ya shirikisho nchini Marekani waliachishwa kazi, wakiwemo waliowahi kuitumikia nchi yao jeshini. Je, sheria inawalinda?

Tangu mwaka 1944, sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt huwapa askari wa zamani kipaumbele katika ajira za serikali. Watumishi wanapopunguzwa, hupimwa mambo manne: aina ya ajira, kipaumbele cha uaskari, miaka ya utumishi na tathmini ya utendaji. Katika kundi moja la ajira, wa kwanza kubakizwa ni wenye ulemavu wa asilimia 30 au zaidi uliotokana na utumishi wa jeshi. Hufuata askari wengine wanaostahili, kisha raia wengine.

Hata hivyo, ngao hii ina mipaka. Aliyestaafu baada ya miaka 20 au zaidi jeshini kwa kawaida hanufaiki nayo. Tena, mapema mwaka 2025, wengi waliokuwa katika kipindi cha majaribio waliondolewa pasipo kufuata utaratibu huo. Kipaumbele chao hakikuwafaa kitu.

Katika Waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alikazia kwamba hadhi ya kazi hutoka kwa mtu anayeifanya. Basi, shukrani kwa askari ianze na kuheshimu sheria iliyowekwa kwa ajili yake. Naye asiye askari, anayetangulia kuondoka, ana familia inayomtegemea. Asisahauliwe katika sala na misaada yetu.