Ruta si ya kuchomeka tu na kuondoka

Mfanyabiashara anayeona intaneti ya ofisini inasuasua hukimbilia jambo moja: kumpigia simu mwenye huduma na kununua kasi kubwa zaidi. Tangu mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, kasi imekuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, na mwenye fedha huongezewa. Lakini si kila mtandao mzito hutibiwa kwa fedha. Mara nyingine ugonjwa umo ndani ya ruta yenyewe, katika ukurasa wa mipangilio ambao fundi aliuruka siku ya kuifunga.

Chukua tundu linalounganisha ruta na swichi. Upande mmoja ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja, megabiti 100 kwa sekunde, na wa pili ukaachwa ujichagulie, huo wa pili huangukia kupokezana: ama kutuma, ama kupokea. Majaribio madogo hupita vizuri, taa zinawaka, fundi anaondoka. Kazi ikipamba moto mchana, data hugongana na kasi huporomoka. Kununua kasi zaidi hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Aidha, upo ukubwa wa pakiti. Mtandao wa kawaida wa ofisi hubeba baiti 1,500 kwa pakiti moja. Huduma inayopita kwa njia ya PPPoE huchukua baiti 8 kati ya hizo, zikabaki 1,492. Ruta isipopangwa hivyo, na taarifa za makosa zikiwa zimezuiwa njiani, kurasa ndogo hufunguka na kubwa hukwama. Mhasibu huilaumu benki, na benki haina kosa.

Hatari kubwa zaidi ni ukurasa wa usimamizi ulioachwa wazi kwa dunia nzima. Juni 2023 taasisi ya Marekani ya usalama wa mitandao, CISA, iliziamuru idara za serikali kuu kuuondoa ukurasa wa namna hiyo kwenye intaneti, au kuuwekea ulinzi, ndani ya siku 14. Oktoba mwaka huo huo Cisco ilitangaza kuwa wavamizi walikuwa wakiutumia ukurasa wa usimamizi wa programu yake ya IOS XE kujifungulia akaunti zenye mamlaka yote. Ushauri wake ulikuwa mfupi: uzimwe katika vifaa vyote vinavyofikiwa kutoka nje.

Basi mnunuzi asisaini makabidhiano kwa kuona taa za kijani tu. Adai karatasi yenye mambo matatu: kila tundu limepatana vipi na mwenzake, ukubwa wa pakiti uliowekwa, na nani anaweza kufungua ukurasa wa usimamizi, akiwa wapi. Pasipo karatasi hiyo kazi haijaisha, na malipo ya mwisho yasubiri. Fundi huiandika mara moja, lakini kasi isiyofika mezani hulipiwa kila mwezi.