Dada, Tatizo Siyo Waini ya Dodoma, ni Hiyo Glasi Yako ya Dhahabu

Wadau, nimevumilia wiki nzima ila leo naongea. Kuna dada yetu mmoja wa mjini, jina naliweka kapuni, karusha video yuko sebuleni kwake anaonja waini nyekundu ya Dodoma. Kanusa mara moja, kakunja pua, akasema hamna kitu humu, haina hata harufu. Basi mashabiki wakadakia, eti za kwetu za kupikia tu.

Itazameni tena ile video. Glasi ya rangi ya dhahabu ndani nje, mdomo umepanuka kama bakuli la futari, na kajaza mpaka inataka kumwagika. Sasa dada, rangi ya waini umeionea wapi? Na harufu ikae wapi? Harufu inapanda kutoka juu ya waini, inataka nafasi tupu ijikusanye. Ndiyo maana glasi ya kuonjea ina tumbo pana halafu juu inabana. Ukizungusha, harufu inabaki ndani, haiendi kwenye mapazia.

Wala sijabuni mimi. Tangu 1977 kuna kipimo cha kimataifa, ISO 3591: kioo kisicho na rangi wala nakshi, chenye shina, ujazo wa karibu mililita 215, na unamimina 50 tu. Hamsini! Yaani kama kahawa ya kijiweni. Shina ni la kushika, mkono usiipashe joto.

Halafu yupo kaka mwingine, yeye anajiita mtaalamu, anawatisha watu kwamba kila zabibu ina glasi yake, bila seti ya malaki usijisumbue. Acha hizo bwana. Mi nyumbani ninayo moja, nyeupe humo, nyekundu humo. Ninachohangaikia ni kuisuuza, maana sabuni ya vyombo ikibaki utasifia limau ambalo halimo.

Sikatai, waini mbovu za Dodoma zipo. Lakini kuna mtu Makutupora kapalilia, kapogoa, kavuna juani, halafu kazi yake inahukumiwa kwa pambo la meza, mbele ya watu kibao ambao kesho dukani wataipita chupa yake.

Dada, rudia. Glasi ya kawaida tu, isiyo na rangi, mimina kidogo, zungusha, nusa taratibu. Ikiwa bado mbaya, iseme na mimi nitakuunga mkono. Hiyo ya dhahabu tia maua.