Land Rover Kuukuu si Chuma Chakavu

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala, na hoja ilisema kwamba magari yote ya zamani yauzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi niliwekwa upande wa kuunga mkono. Tulishinda, tena kwa makofi mengi, hadi mwalimu mlezi akagonga meza. Wenzangu walidhani nimejiandaa sana. Kumbe nilikuwa namsema mjomba wangu tu! Leo naomba nafasi katika jarida letu nijipinge mwenyewe, maana yale niliyosema yalikuwa ukweli nusu, na nusu ya pili niliificha.

Wanaokaa upande wetu wa Kamere wanalijua gari lenyewe. Ni ile Land Rover ndefu ya 109, iliyosimama juu ya mawe kando ya nyumba yetu tangu mwaka wa 2022, kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva. Watoto wa jirani waliibandika jina "Jeneza". Mwenye gari, mzee mmoja wa upande wa Ndabibi, alikuwa amekwisha kupatana bei na mtu wa chuma chakavu. Lakini Januari ya mwaka ule serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya wale waliokuwa wakiharibu minara na nyaya za stima. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Mei, lakini mzee alikuwa na haja ya pesa na hakungoja. Mjomba akaipata kwa shilingi 90,000. "Bei ya kutupa!" alisema. Katika hizo, 30,000 zilitoka kwa mama, alizokopa katika chama chao cha akina mama.

Basi nilipoingia kidato cha kwanza mwaka wa 2023, mama alikuwa bado analipa lile deni. Muhula wa pili nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya pesa za chakula cha mchana, na wiki ileile mjomba akaja na giaboksi kuukuu kwenye mkokoteni, anacheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama alimtazama tu. Kisha akamwambia mbele yetu sote: "Ndugu yangu, sasa huyu mtoto atakula giaboksi?" Mjomba hakujibu. Mimi tangu siku hiyo nililichukia gari lile, na chuki hiyo ndiyo iliyonishindia mjadala.

Sasa nusu ya pili. Likizo ya Desemba mwaka jana sikuwa na kazi ya kufanya, na mjomba alihitaji mtu wa kumshikia tochi. Nilikubali kwa shingo upande. Alinipa nyundo ndogo, akaniambia, "Ingia chini, mpwa wangu, gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, unisomee sauti." Mahali pazima palilia ngee! kama kengele. Mahali palipooza palitoa sauti ya kopo lenye mchanga, na mara mbili nyundo ilizama ndani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tulikuwa tumenunua gari bila kuligonga. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haili kutu, kwa hivyo inakudanganya. Unaliona gari limenyooka, unatoa pesa. Kumbe chesisi yake ni ya chuma, na kutu huanzia ndani ya yale mabomba ya mraba, ambako jicho halifiki. Hata ile alumini ina ugonjwa wake: pale inapogusana na chuma, unyevu ukiingia katikati, huanza kulika na kuwa unga mweupe. Anayetaka kununua aanze na nyundo. Rangi ni mambo ya baadaye.

Tulikata sehemu zilizooza, fundi wa jua kali akachomelea mabamba mapya. Springi zake ni zile za vyuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Tulizifungua, tukazipiga brashi, tukazipaka grisi, tukazirudisha. Injini yake ni ya petroli, lita 2.25, ina plagi 4 na kabureta moja, hakuna kompyuta hata moja. Nilishangaa sana! Gari la kisasa la mwalimu mmoja (simtaji jina) liliwasha taa moja ya rangi ya machungwa pale mbele, likakaa gereji siku 9 likingoja mtu mwenye mashine ya kulisoma. Hili la mjomba tuliliuliza kwa spana na likajibu. Mimi ambaye Fizikia ilikuwa ikinitoka jasho, nilielewa nyenzo siku niliyozungusha hendeli ya kuwashia injini kwa mkono. Karibu inivunje kidole gumba, lakini nilielewa.

Pengine utauliza, gari hili lilitoka wapi hata likajaa nchi yetu? Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Waingereza walikuwa wametoka vitani, chuma kilikuwa haba, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Halikukusudiwa kuwa gari la fahari. Lilikuwa la mkulima. Hizo namba 109 ni inchi, yaani kama sentimita 277, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ile fupi ni 88. Huku kwetu lilibeba wakoloni, kisha machifu, polisi, manesi, wamisheni na watu wa wanyama pori. George Adamson, ambaye mkewe Joy alikaa hapa kwetu kando ya ziwa pale Elsamere, aliuawa akiwa katika Land Rover yake huko Kora mwaka wa 1989. Na si zote zilizoletwa zikiwa kamili. Kiwanda cha Thika kilichoitwa Leyland Kenya, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, kiliziunganisha hapahapa. Yaani baba zetu walizifunga bolti!

Hoja ambayo sikuitaja siku ya mjadala ni hii. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Kwa hivyo Land Rover 109 zilizomo humu nchini ndizo tulizo nazo. Ukiikata moja kwa mizani ya alumini, huendi Mombasa kuagiza nyingine. Wenzetu ng'ambo wamekwisha kuamka. Marekani huruhusu gari la kigeni likifikisha miaka 25 liingie bila kudaiwa masharti ya usalama ya magari mapya, na kuna watu huko wanaozitafuta kwa tochi. Tanzania nao, Oktoba 2024, walifanya tamasha la Land Rover pale Arusha, magari yakapanga msururu barabarani na watu wakatoka kutazama. Sisi huku kila mwaka tunasimama juani kushangilia magari ya Safari Rally yakipita Naivasha, jambo ambalo silipingi, maana nami huwa mstari wa mbele. Lakini hili letu tunaliita Jeneza.

Wale wa upande wangu wa zamani watasema napambia. La. Gari hili linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka Suswa, lita moja haitufikishi kilomita 7. Usukani wake ni kazi ya mazoezi ya viungo. Karatasi zake zilitutesa kuliko kutu, kwa sababu jina lililokuwa katika logibuku lilikuwa la mtu aliyekwisha kufariki, wala si la yule mzee aliyetuuzia. Mjomba alienda na kurudi miezi 7. Kwa hiyo namwambia yeyote mwenye tamaa kama yake: soma namba ya chesisi, ilinganishe na karatasi, umwone mwenye jina kwa macho yako, ndipo utoe pesa. Na pesa ya mtoto ya chakula isiguswe. Hapo mama alikuwa sahihi na mjomba alikosa, nami nimemwambia hivyo kwa heshima.

Msimu wa mvua uliopita njia ya Maiella iliharibika hata bodaboda zikakataa. Land Rover ikiwa na breki za mbele peke yake ilienda polepole ikaleta viazi vya watu watatu. Sikubaliani na safari ile, ilikuwa hatari. Ila mama alipoletewa pesa ya kubeba viazi alizihesabu mara mbili.

Sasa kuna bwana mmoja kutoka Nairobi amekuja kuitazama. Anasema ataipaka rangi ya mchanga, aiweke viti vya ngozi, amuuzie mtu wa kutembezea wageni. Ametaja shilingi 400,000. Nyumbani kumegawanyika. Mjomba hataki kusikia. Mama anataka aongeze. Mimi nimeulizwa maoni yangu kama mtu mzima, nikasema tusiuze, kwa sharti moja, na mama amelikubali kwa mwaka mmoja: kila shilingi inayoingia na kutoka iandikwe, na karo na chakula cha shule vitangulie spea.

Daftari ninalo mimi. Ni lile la kurasa 96 lililobaki la Jiografia. Ukurasa wa leo unasema: breki za nyuma, 6,500, bado. Mjomba amekuja kuniomba mara mbili.