ETI DEREVA KAUA INJINI!

Jamani, kuna maneno nimeyasikia Katesh mpaka yanaanza kunitia kichefuchefu: "Dereva kaua injini." Injini imeshushwa, imefumuliwa, tajiri kalipia ringi mpya, slivu, beringi na kazi ya mafundi. Fuso imerudi barabarani. Mwezi haujaisha inatema moshi wa bluu na kunywa oili kama mlevi wa siku ya mnada. Hakuna anayeuliza ilitokaje gereji. Lawama zote zinamwendea aliyeshika usukani, na mshahara wake ndio unaoanza kukatwa.

Mimi nasema hapana. Nyingi ya injini hizi zinauawa siku chache za mwanzo, na wauaji ni haraka ya tajiri pamoja na zile "busara" za gereji ambazo hakuna anayethubutu kuzihoji.

Nianze na hiyo busara. Utasikia: "Iwashe, iache sailensa usiku kucha, itajilainisha yenyewe." Wadau, huo ni uongo unaokula fedha za watu! Ukuta wa silinda uliochongwa upya si laini kama unavyodhani. Umeachiwa makusudi mikwaruzo midogo inayokatizana, ili ishike oili na kuisugua ringi mpaka ringi na ukuta vikubaliane. Na kinachoikandamiza ringi ukutani si ule mkunjo wake peke yake, ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake. Sasa sailensa ina mlipuko gani wa maana? Ringi haikandamizwi vya kutosha, oili inapita, inaungua na kuganda ukutani kama vanishi. Mikwaruzo inazibika, ukuta unang'aa kama kioo. Baada ya hapo hata ukiendesha kwa upole mwaka mzima, injini itakula oili tu, na mara nyingi dawa yake ni kuifungua upya.

Halafu kuna tajiri. Huyu hana habari na sailensa. Gari limelala gereji wiki mbili bila kuleta hesabu, anataka fedha yake leo. Injini inawashwa asubuhi, jioni inabebeshwa ngano ya Basotu mpaka bodi inalia, kesho yake inapandisha saruji mlima wa Dareda kwenda Bashnet. Ringi mpya, beringi mpya, mzigo kamili, mlima, gia kubwa! Vyuma ambavyo havijazoeana vinasuguana zaidi na kutoa joto zaidi. Ringi ikipata joto inatanuka, na ikimaliza ile nafasi ndogo iliyoachiwa kwenye ncha zake, inaanza kukwangua silinda. Ndipo unapigiwa simu kwamba gari imenoki njiani. Nani kaua hapo?

Najua nitaambiwa mwandishi na injini wapi na wapi. Sawa. Lakini haya si siri ya mafundi, yameandikwa kwenye vitabu vya watengenezaji miaka mingi, na kila injini ina kitabu chake. Injini mpya inataka kazi ya kiasi: si kulala, si kubebeshwa kupita uwezo. Kabla haijawaka mara ya kwanza, izungushwe bila mafuta mpaka presha ya oili ipande, maana beringi ikianza kavu imekwisha. Ikishawaka na kupata joto, itoke barabarani, lami ya kwenda Singida ipo, ikiwa na nusu mzigo. Dereva akanyage, mwendo upande, kisha aachie, kisha akanyage tena. Asishike mwendo mmoja saa nzima, na asiiburuze kwa gia kubwa mpaka inatetemeka. Macho yawe kwenye geji ya joto. Baada ya kilomita mia kadhaa oili imwagwe pamoja na filta yake, kwa sababu imejaa unga wa chuma. Hapa ndipo ubahili unapoonekana! Mtu kalipa mamilioni ya spea, halafu analilia ndoo moja ya oili, eti "bado nyeusi kidogo tu".

Na chujio la hewa, tafadhali. Vumbi la Hanang wakati wa kiangazi ni msasa. Ukifunga ringi mpya na kurudisha chujio lililotoboka, umetupa fedha dirishani.

Kinachonishangaza ni kwamba Hanang si mgeni wa injini. NAFCO na Wakanada walikuwa wanalima ngano hapa kwa matrekta na kombaini tangu miaka ya 1970 (juu ya malisho ya Wabarabaig, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine). Baada ya miaka yote hiyo bado tunasema injini "ina bahati mbaya"?

Turudi kwa dereva, maana ndiye aliyenifanya niandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu tajiri kukata mshahara kwa hasira. Hasara lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ilivyofanywa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Robo! Mimi nimekaa na dereva aliyekwenda miezi miwili bila kupewa hata shilingi, na kosa lake lilikuwa kutii alipoambiwa "pakia". Wengi wana mkataba wa mdomo tu, lakini mwenye mkataba wa mdomo naye ni mfanyakazi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya migogoro kama hii.

Tajiri naye ana mkopo benki, naelewa. Lakini apige hesabu mwenyewe: wiki moja ya nusu mzigo, au kushusha injini mara ya pili?

Ninachotaka ni karatasi moja. Tarehe injini ilipowaka, kilomita zilizosomeka (kama mita inafanya kazi, najua, najua...), mzigo uliokubaliwa kwa wiki ya kwanza, siku ya kumwaga oili. Fundi asaini, tajiri asaini, dereva asaini na abaki na nakala. Mavuno yakianza, Fuso zilizoshushwa karibuni zitapanga foleni Basotu pamoja na nyingine zote. Dereva, omba karatasi hiyo kabla hujapokea ufunguo.