Vijana wa mbio ndefu wasiharakishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu mazoezi ya mbio ndefu wanayopewa vijana wetu katika klabu za riadha. Mimi ni mzazi, mkazi wa Mandewa, Singida.

Septemba 2025, ndugu yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo na kuiletea Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Sote tulifurahi, na vijana wengi wakapata hamu ya kukimbia. Hilo ni jema. Linalonisikitisha ni namna baadhi ya makocha wanavyowaharakisha.

Binti yangu wa miaka 15 alijiunga na klabu moja. Katika majuma machache alitolewa kilometa 5 akafikishwa kilometa 18 kwa siku, siku sita kwa juma, nyingi zikiwa juu ya lami, tena kabla ya kutia kitu kinywani. Akirudi anaoga na kwenda shule. Alipolalamika kwamba mguu unamuuma, kocha alimwambia ajikaze. Nami sina budi kukiri kwamba nilimwambia hivyo hivyo, maana nilikwisha kumwona akilini mwangu na medali shingoni. Mwishowe daktari alituonyesha picha: mfupa wa muundi umepata ufa. Miezi mitatu mtoto alikwenda shule akichechemea.

Ndugu Mhariri, pumzi huja upesi kuliko nguvu ya mifupa. Kijana hujiona anaweza, kumbe mguu wake bado. Ndiyo maana kilometa huongezwa kidogo kidogo, na nyingi hukimbiwa polepole, kiasi cha mtu kuweza kuzungumza na mwenzake. Chakula na usingizi navyo ni sehemu ya mazoezi. Kwa wasichana, mazoezi makali bila chakula cha kutosha yaweza hata kuzifunga siku zao na kudhoofisha mifupa. Kocha na mzazi wasione haya kuliulizia.

Wapo watakaosema kwamba bila kuwakaza watoto hatutapata mabingwa. Simbu alipata medali ya shaba London mwaka 2017 akiwa na miaka 25, na dhahabu akiwa na miaka 33. Eliud Kipchoge wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa meta 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, lakini marathoni yake ya kwanza aliikimbia mwaka 2013, akiwa na miaka 28. Hata Mashindano ya Dunia ya vijana wa chini ya miaka 20 hayana marathoni. Iweje sisi tuwapeleke watoto wa shule kwenye kilometa 21 za barabarani kugombea fedha?

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kila klabu iwe na daftari la umri wa kijana na kilometa anazokimbia, na mzazi aoneshwe. Pili, vijana wapewe siku za kupumzika, na wakimbie njia za udongo badala ya lami yenye malori. Tatu, viongozi wa riadha na maofisa michezo wawape makocha wetu semina juu ya kufundisha watoto. Wengi wanajitolea bila malipo, na hawakupata mtu wa kuwaelekeza.

Binti yangu ameanza tena, kilometa 3 tu, siku tatu kwa juma. Safari hii simhimizi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nawaomba wahusika walifikirie jambo hili kabla hatujawamaliza watoto ambao kesho wangetuletea medali.

Mzazi Mpenda Riadha,
Mandewa, Singida.